Vipande vya Jua Juu ya Gari la Kliniki

Mlipokuwa mkiniaga pale karakana, mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani iliyonisumbua kuliko zote. Nilicheka, nikala keki, sikujibu. Jibu lilikuwa refu na keki ilikuwa ndogo. Sasa niko nyumbani Kebirigo, nina muda wa kutosha na jiko la mkaa linalovuta vizuri, kwa hiyo nitajibu.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja vimechelewa, na vilipofika havikunibadilishia hata meza.

Nilianza kwenye gereji moja mjini Kisii, miaka michache baada ya uhuru. Mwenyewe alikuwa Kalasinga aliyeitwa Harnam, mtu mrefu aliyezikunja ndevu zake vizuri ili zisinaswe na feni ya injini. Alinikuta nimesimama mlangoni na viatu vyangu vya kanisani.

"Unamtafuta nani, dada?"

"Natafuta kazi."

"Chai tunapika wenyewe."

"Sikuja kupika chai. Nimekuja kulehemu."

Baba yangu alikuwa akiziba sufuria na taa za mafuta katika soko la Kebirigo, na mimi nilikua nikimshikia chuma cha moto. Harnam hakuamini hata neno moja. Alinipa rejeta ya lori la ndizi kutoka Keroka, imetoboka chini, karibu na kona, mahali pabaya kabisa. Niliisugua, nikaipaka dawa, nikaiziba kwa risasi. Yeye akaijaza maji, akaiweka juu ya gazeti kavu, akavuta kiti na kuketi mbele yake kama askari anayemlinda mshukiwa. Wateja walikuja wakaondoka, yeye yuko pale pale. Gazeti halikulowa.

"Kesho," akasema, "vaa nguo ambayo huipendi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Wateja hawakufurahi. Dereva mmoja wa lori la pareto aliapa kwamba mwanamke hataifungua dainamo yake. Harnam akamwambia sawa, aipeleke Kisumu, na dereva alipokuwa akilisukuma lori lake barabarani, Harnam akamtakia safari njema. Lori halikufika mbali. Dainamo niliifungua mimi.

Kwa Harnam nilijifunza kufunga waya kwenye gari, na hilo si sawa na kufunga waya nyumbani. Nyumba imetulia. Gari linatikisika kila siku ya maisha yake, kwa hiyo waya wa gari lazima uachwe ulegee kidogo kila unapounganishwa, la sivyo utakatika ndani ya ngozi yake na hutauona. Alinifundisha pia kuuvuta kila waya kwa kidole, kuunusa, kuufuata kutoka mwanzo hadi mwisho hata kama mwenye gari anapiga kelele.

Siku moja mwenye lori alimleta utingo wake akiwa amevimba mdomo. Alisema kijana anamwibia: kila asubuhi betri imekufa, na usiku utingo ndiye anayelala kwenye lori. Harnam hakumtazama utingo. Aliingia chini ya kiti na taa, akakaa huko kitambo, akatoka na waya uliochubuka. Ulikuwa ukigusa bodi na kumwaga umeme polepole.

"Kwanza maliza nyaya zote," aliniambia wakiwa wameondoka. "Watu baadaye. Yule alianza na watu."

Sikumbuki kama mwenye lori aliomba msamaha. Nakumbuka utingo alipanda nyuma, si mbele.

Miaka ya sabini Harnam alihama na familia yake, gereji ikauzwa, na mimi nikachukuliwa kwenye kliniki moja upande wa Nyamira iliyokuwa na karakana yake ndogo. Kliniki hiyo ilikuwa na gari la kuzunguka masokoni: siku fulani Keroka, siku fulani Kebirigo, siku fulani Nyamache. Muuguzi alikuwa Sista Bosibori, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha kanisa zima. Dereva alikuwa Owuor, mtu wa upande wa ziwa, mpole, msafi, aliyelipangusa lile gari kama sahani. Ndani kulikuwa na redio ya upepo ya kuzungumza na hospitali ya mjini, ili sista akikutana na jambo linalomshinda, gari la wagonjwa litumwe kumlaki.

Shida ilikuwa betri. Gari likisimama sokoni kutwa nzima injini imezimwa, redio na taa ya kupimia vilimaliza betri, na jioni ilibidi wanaume waitwe walisukume. Ndipo alipokuja Injinia Mutiso kutoka Nairobi, kijana Mkamba mwenye miwani, na masanduku yaliyoandikwa kwamba yasiangushwe. Ndani ya pamba kulikuwa na vipande vya mviringo, vyembamba, rangi ya buluu iliyokolea, upana wa sahani ya kikombe cha chai.

"Hivi vikipigwa na jua vinatoa umeme," akasema.

"Bila kelele?"

"Bila kelele."

Kitu kinachotoa umeme bila kelele, bila moshi na bila kuzunguka, mimi sikukiamini. Lakini nilipoweka mita kwenye kipande kimoja na kukitoa kivulini, sindano ilisogea. Nilikifunika kwa kiganja, ikaanguka. Nilirudia mara nyingi hadi Injinia akaanza kuangalia saa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kushikilia pumzi. Kipande kimoja kinatoa umeme kidogo sana, kwa hiyo lazima uviunganishe: uso wa hiki kwa mgongo wa kile, kwa utepe mwembamba wa shaba, hadi mnyororo mzima uweze kujaza betri. Ukibonyeza kwa nguvu, kinapasuka kama biskuti. Chuma kikipoa, risasi haishiki. Kikipata moto zaidi, kinaharibu uso. Na paa la gari lile halikuwa bapa. Lilipinda kutoka kushoto hadi kulia kama mgongo wa mkate, na vipande havipindi. Ilibidi tukunje bati jembamba la alumini lifuate paa, tubandike kila kipande kwa gundi inayofanana na mpira, kisha utepe kati ya kipande na kipande niuinue kidogo ulegee, ule mtindo wa Harnam. Injinia alichora njia ya minyororo miwili, kila mmoja ukivuka paa kutoka bega la kushoto hadi bega la kulia na kurudi. Mchoro ulikuwa mzuri. Niliufuata, tukafunika kwa plastiki angavu, tukaunganisha betri ya pili kwa ajili ya redio peke yake.

Sokoni hawakuupenda ule mgongo wa buluu. Keroka walisema ni kamera ya kupiga picha mashamba ya chai ili serikali iyachukue. Nyamache walisema unavuta damu ya watoto wanaodungwa sindano, ndiyo maana unang'aa. Bibi mmoja alimfunika mjukuu wake kwa kanga kabla ya kupita karibu na gari, akanisonya. Sista Bosibori aliwaambia ni jua tu.

"Jua liko juu," yule bibi akamjibu. "Hili mmelileta kutoka wapi?"

Na kisha betri ikaanza kufa. Si kila siku. Kebirigo ilikaa imejaa. Keroka ilikuwa sawa sawa. Nyamache, redio inakoroma kidogo halafu kimya. Nilipanda juu nikakagua maunganisho yangu, yote mazima. Tukirudi karakana na kuliacha gari uani, betri inajaa tena. Kitu kinachoharibika mahali pamoja tu, mtu yeyote angekishuku.

Wiki moja, pale Nyamache, mwanamke aliyeitwa Moraa aliletwa kwa machela akiwa katika uchungu, damu inatoka. Sista aliishika redio akaita hospitali. Taa yake ndogo iliwaka, ikafifia, ikazimika. Akaita tena, akaita tena, anazungumza na sanduku. Ikabidi wampakie Moraa ndani, Owuor aendeshe mwenyewe, na mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko gari lilizama matopeni. Wanaume walitoka mashambani kulisukuma, wakakata migomba kuweka chini ya magurudumu, na muda ukapita. Kama hospitali ingejua, gari lao linalosukumwa na magurudumu yote manne lingekuwa limeshafika. Moraa alipona. Mtoto hakupona.

Kamati ya kliniki iliitwa. Tuliketi kwenye mabenchi ya wagonjwa, nje, watu wengi wamesimama nyuma. Mwenyekiti alikuwa Mzee Makori, mzee wa kanisa, mtu wa haki lakini wa haki ya haraka.

"Betri haifi yenyewe," alisema. "Kuna mkono."

"Mkono wa nani, mzee?" Owuor akauliza.

"Wewe ndiye unayekaa na funguo."

Mama mkwe wa Moraa akasimama. Alikuwa amevaa kitambaa cha msiba. "Sisi Nyamache tumemwona. Anasikiliza mpira kwenye redio yake ndogo, amekaa pale pale mlangoni. Redio hiyo inakula nini kama si betri ya wagonjwa?"

Owuor alikwenda kwenye gari, akaleta redio yake, akaifungua nyuma mbele ya watu wote. Ndani kulikuwa na mawe ya tochi, betri zake ndogo yenyewe.

Kisha sauti kutoka nyuma ikasema, "Hayo umeyaweka leo."

Nilimtazama Owuor akiifunga ile redio. Mwingine akanong'ona kwa Ekegusii, akidhani Owuor haelewi, kwamba watu wa ziwa ndivyo walivyo. Owuor alikuwa ameishi kwetu miaka mingi. Alielewa.

Mzee Makori akanigeukia. "Mama Fundi, wewe ndiye uliyefunga hizo nyaya. Kazi yako ni nzima?"

Hapo ndipo nilipoona mahali nilipokuwa nimeketi. Nikisema nzima, nimemfunga Owuor. Nikisema mbovu, nimejifunga mwenyewe, na mtoto wa Moraa yuko mikononi mwangu. Na kusema kweli nilimshuku Owuor pia. Nilimshuku yeye, nilimshuku mlinzi wa uani, nilimshuku Injinia na masanduku yake. Lakini nilikuwa sijamaliza waya.

"Sijui," nikasema. "Nipeni hadi zamu nyingine ya Nyamache."

"Na huyu?"

"Aendeshe. Mkimwondoa leo halafu betri ife tena, mtamshuku nani?"

"Wewe," ile sauti ya nyuma ikasema. Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko.

Siku zilizofuata sikumwamini mtu. Nilichukua kioo cha kukuzia cha Sista nikapitia kila unganisho juu ya paa, utepe kwa utepe. Nilifuata waya kutoka paani hadi kwenye betri, nikiuvuta kwa kidole. Kisha nikachukua uzi mwekundu wa kushonea nikauzungusha kwenye vichwa vya ile betri ya pili, nikaufunga kwa fundo ambalo mama yangu hufungia magunia ya wimbi. Yeyote atakayegusa lazima aukate, na fundo lile hawezi kulirudia. Sikumwambia hata Sista.

Injinia Mutiso nilimpigia simu kutoka posta. Alikuja na basi, akafika amekunja uso. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nina uhakika na maunganisho yangu. Langu lilikuwa kama vile vipande alivinunua au alipewa vilivyokataliwa na wengine. Hakupenda. Tulikwenda Nyamache sote wanne ndani ya gari moja bila mtu kuzungumza, isipokuwa Sista, aliyeimba wimbo mmoja wa kanisa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa hasira.

Asubuhi ile ilikuwa na jua safi, kama linavyokuwa kwetu kabla mawingu ya mchana hayajapanda. Owuor aliegesha pale alipoegesha siku zote, kando ya duka la kona, mlango wa nyuma ukitazama foleni. Nilifungua kifuniko cha betri. Uzi ulikuwepo. Fundo lilikuwa langu.

Niliunganisha mita. Jua lote lile, na sindano imelala chini kama mgonjwa.

"Hakuna aliyegusa," nikasema, nikawaonyesha uzi.

Owuor aliutazama ule uzi. Alielewa mara moja ulikuwa umewekwa kwa ajili ya nani. Akaenda akaketi kwenye kiti chake cha dereva.

Injinia aliushika kila waya niliokwisha kuushika. Mimi, sitaficha, nilianza kufikiria maneno ya yule bibi, kwamba labda hili jua tulilolileta si lile la juu. Watu walikuwa wamesogea wakitutazama, na Mzee Makori alikuwa amekuja kwa baiskeli kuona nani ataanguka.

Ni Sista aliyetutoa hapo, na hakukusudia. Upepo ulikuwa ukipuliza vumbi la barabara moja kwa moja ndani ya mlango wa nyuma, kwenye sindano zake.

"Owuor! Hebu geuza hili gari, mlango utazame duka. Naweka dawa au naweka mchanga?"

Owuor akawasha, akageuza. Gari lililokuwa limetazama mlimani sasa likawa limetazama upande jua linakochomoza. Mita ilikuwa bado mkononi mwangu, nikitembea na nyaya zake kama mtu anayeongoza ng'ombe. Sindano ilinyanyuka. Haikusita, ilipanda hadi mahali ambapo huwa Kebirigo.

"Zima injini," Injinia akasema haraka.

Owuor akazima. Sindano ikabaki juu.

"Rudisha gari lilivyokuwa," nikasema.

"Sista amesema niligeuze."

"Rudisha, tafadhali."

Alirudisha, akazima, na sindano ikaanguka. Nikamwomba ageuze tena.

"Mnanichezea?" Owuor akauliza dirishani. "Mbele ya watu hawa wote, mnanichezea?"

"Hapana, kaka. Geuza tu."

Sindano ikapanda. Injinia Mutiso aliomba kiti dukani, akakipanda, akaweka kiganja cha kushoto kwenye bega moja la paa na cha kulia kwenye bega lingine. Kisha akamwomba Owuor arudishe gari kwa mara ya mwisho, akaweka viganja tena, akipima joto la kila bega. Alishuka, akaketi kwenye ngazi ya gari, akavua miwani.

"Ni mimi," akasema.

Alinieleza, na alipokuwa akieleza niliona ni jambo ambalo sote wawili tulikuwa tumelitazama bila kuliona. Vipande vilivyounganishwa mnyororo ni kama watu wanaopitishiana ndoo za maji mstarini: mmoja akizubaa, wote wanamsubiri. Gari likitazama mlimani, asubuhi bega moja la paa linapigwa na jua na la pili liko nyuma ya mgongo wa paa, halipati kitu. Na yeye alikuwa amechora kila mnyororo uvuke kutoka bega hadi bega. Vipande vya kivulini vilivizuia vile vya juani, katika minyororo yote miwili. Adhuhuri ingesaidia, lakini adhuhuri yetu ina mawingu. Kebirigo na Keroka gari liliegeshwa kwa kufuata barabara iendayo upande jua linakochomoza, mabega yote yakapata sawa. Uani pia. Nyamache peke yake lilisimama vile.

"Nilichora juu ya meza," akasema. "Meza ni bapa."

Mzee Makori alikuwa amesikiliza ameegemea baiskeli yake. "Kwa hiyo hakuna mwizi?" aliuliza. Alikuwa kama mtu aliyenyimwa kitu.

"Hakuna, mzee. Ni kosa langu, na nitalisema mbele ya kamati."

Alilisema kweli. Alisimama mbele ya mabenchi yale yale, mbele ya Moraa na mama mkwe wake, akasema mchoro ulikuwa wake, dereva hakugusa, fundi alifuata alichopewa. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. "Afadhali angekuwa mwizi," akasema. "Mwizi ningemlaani." Moraa alimshika mkono wakaondoka.

Tulirudi karakana tukaubandua ule mgongo wote. Nilikata tepe nilizozilehemu kwa pumzi iliyoshikwa, na vipande kadhaa vikavunjika, kila kimoja kwa sauti ndogo kama ya kucha. Tulipanga upya: bega la kushoto mnyororo wake, bega la kulia mnyororo wake, na kila mmoja kidude chake kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, ili wenye jua usimwage umeme wake kwa wenye kivuli. Ninyi mnaofunga vitu hivi siku hizi mnakuta mpangilio huo umeshachapishwa kwenye maboksi. Mjue kuna mahali ulitoka.

Redio haikufa tena Nyamache. Mara ya kwanza ilipohitajika kweli, kwa msichana aliyekuwa akijifungua mapacha, Sista aliita na hospitali ikajibu kabla hajamaliza kutaja jina la soko. Gari la wagonjwa liliwakuta njiani. Watoto wote wawili waliishi, na watu wa Nyamache wakaanza kusema kwamba ule mgongo wa buluu una baraka, jambo ambalo pia si kweli.

Kwa Owuor, kamati ilisema mambo yameisha. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Yeye aliendelea kuendesha, akiwa msafi na mpole vile vile, akicheka Sista anapoimba. Ile redio yake ndogo sikuiona tena. Na kila jioni tuliporudi, kabla ya kufunga mlango wa gari, alisimama uani akamwita mtu yeyote aliyekuwa karibu, mimi, mlinzi, hata mgonjwa anayepita, aje asimame pale amtazame akifunga. Tulimwambia haina haja. Alisema anajua, kisha akangoja hadi mtu aje. Alifanya hivyo hadi siku aliyoacha kazi, na siku hiyo aliyeitwa nilikuwa mimi.